Kwa Shangazi wa Dobi, Aliyetuletea Doa

Mwaka umezunguka, Shangazi, tangu ututoke, na bado wapo wateja wanaosukuma mlango wa dobi, wanaweka furushi lao juu ya kaunta na kuangaza macho huku na huku wakikutafuta. Wakishaambiwa, wanasema, "Mimi aliniita Shati la Mistari." Maana hukuwahi kushika jina la mtu. Ulimjua kila mmoja kwa nguo aliyoleta, na yupo meneja mmoja wa benki, mtu wa heshima zake, uliyemwita Suruali Mbili mbele ya wafanyakazi wake, naye akaitika.

Anayeshika kalamu ni binti wa kaka yako. Wifi yako amevuta kiti, amekaa nyuma yake, na kila mstari ukiisha anauliza, "Umeandika nini hapo?" Kaka yako ameambiwa maoni yake yatasikilizwa mwishoni. Kwa hiyo kama kuna neno litakalokukera, unajua lawama uzipeleke wapi.

Tuanze na kazi yako, maana usingetaka tuanze kwingine. Uliingia nyumbani kwa kaka yako na sanduku moja na pasi moja, na wifi yako akadhani umekuja kutembea. Akakuandalia chai ya mgeni. Ulipomaliza kuinywa ukauliza chumba cha mbele kina kazi gani, na kabla mtu hajajibu ulikuwa umeshaanza kupima kwa macho pa kufungia kamba. Wifi yako akaja kukusaidia kwa muda tu, mpaka utakapompata mtu. Wewe hukumtafuta huyo mtu, naye hakuuliza tena, na hivyo ndivyo mawifi wawili walivyozeekea kwenye beseni moja.

Hukuwa na mtoto wa kuzaa. Ukiulizwa, ulijibu kwamba watoto unao, wa kaka, tena hao ni bora zaidi kwa sababu kazi ya kuwalea alifanya mwingine, yako ilikuwa kuwadekeza. Ulipekua kila mfuko kabla ya kufua. Wifi yako anasema huo ulikuwa umbea. Sisi tunasema ulikuwa uaminifu, na huenda vilikuwepo vyote viwili. Siku moja ulikuta jino la mtoto ndani ya mfuko wa koti la baba yake. Ukalifunga kwenye kitambaa safi, ukalipeleka mwenyewe kwa miguu mpaka nyumbani kwao, ukisema kwamba mtu anayekwenda kazini na jino la mwanawe mfukoni si mtu wa kungojeshwa. Kila shati ulilifunga vifungo vyote kabla ya kulikunja. Na tulichokunja sisi ulikikunja upya, palepale mbele ya macho yetu, bila hata kuona haya.

Lakini mwaka huu, kila tukikaa kukuzungumza, tunaanza na kazi na tunaishia kwa mbwa.

Miguu ilikuwa imeanza kukusumbua. Ilivimba, na daktari akakwambia upunguze kusimama na uongeze kutembea, nawe ukatii ile nusu ya kwanza tu. Ukawa mtu wa kiti. Wifi yako alikuwa akikutazama kutoka chumba cha kufulia, roho inamuuma, halafu anakugombeza kwa kuacha soksi za mteja juu ya meza, kwa sababu kugombezana ndiko mlikokuzoea. Ndipo siku moja ukasema utayapeleka mwenyewe mablanketi ya kile kituo cha wanyama waliotupwa, ambacho tulikuwa tukikifulia. Ulikwenda na mablanketi yaliyokunjwa vizuri. Ukarudi na moja, na ndani yake mlikuwa na mbwa.

"Nini hicho?" akauliza wifi yako.

"Mgeni."

"Mgeni gani anakuja kwa watu bila suruali?"

Alikuwa mbwa wa kimo cha kati, mweupe, sikio moja limelala, na mgongoni ana baka jeusi la ukubwa wa sahani. Ulimtazama kwa jicho la kazi. "Ataitwa Doa," ukasema. "Na hili halitoki."

"Litatoka," akasema wifi yako, "kwa mlango huohuo lililoingilia."

Chai haijapoa, Doa akaketi, akapinda kiuno, akaanza kujitafuna juu ya mkia. Alitafuna kwa meno ya mbele, harakaharaka, kama mtu anayemalizia punje kwenye gunzi. Akahamia pajani, akarudi mkiani. Tulipomsogelea tukaona hapo hana manyoya, ngozi imekuwa nyekundu, na mahali pengine pamelowa. Mama anayesimamia kituo alikuwa amekwambia kwamba kwao mbwa ni wengi na mikono ni michache, na huyu alihitaji mtu wa kumwangalia yeye peke yake, la sivyo angejimaliza.

"Wifi," akasema wifi yako, mkeo wa utani, maana ndivyo ulivyokuwa ukimwita ukitaka kumchokoza, "hapa tunafua mashuka ya zahanati. Mteja akimwona huyu anajitafuna pembeni ya mashuka meupe, kuanzia kesho tutafua ya kwetu tu."

Hukumbishia, kwa kuwa ilikuwa kweli. Mkaafikiana palepale, yeye amesimama na wewe umekaa: ngozi ikipona, Doa anabaki, isipopona, anarudi kituoni. Mkashikana mikono kabisa, na kaka yako akawa shahidi bila kuulizwa.

Sasa, watu wa dobi tuna ugonjwa wetu. Kitu kikiwa na shida, kinafuliwa. Ulimwosha Doa asubuhi kwa sabuni ya kipande, ukamsugua, ukamsuuza, ukamkausha kwa taulo. Akiwa amelowa alitulia. Akikauka alianza upya, nawe ukaona bado hajatakata. Wifi yako, kwa hofu ya mashuka yake, akawa anangoja usinzie mchana, anamwingiza beseni na kumpitishia sabuni ya unga. Kaka yako akirudi kazini jioni anamkuta mbwa anajitafuna, huruma inamshika, naye anachemsha maji. Hakuna aliyemwambia mwenzake. Kila mmoja alijiona ndiye pekee mwenye akili katika nyumba hiyo. Na Doa, ambaye ni mbwa mwenye adabu, aliingia kwenye kila beseni aliloonyeshwa, akasimama na sikio lake limelala, akasubiri yaishe.

Kilichotushangaza ni kwamba mbwa huyu hakauki.

Ngozi ikaanza kutoa magamba. Kujitafuna kukazidi. Wifi yako akasema, "Unaona," ukasema, "Naona, kwa hiyo kesho tunakwenda kwa daktari wa mifugo." Mkaenda wote watatu, maana hakuna aliyemwamini mwenzake kueleza vizuri, na kwa haraka za safari siku hiyo Doa hakuogeshwa na mtu. Daktari alikuwa mwanamke wa sauti ya chini. Akamnyanyua Doa juu ya meza, akamgeuza, akauliza, "Mnamwogesha?"

"Tena vizuri," ukajibu kwa fahari. "Kila asubuhi."

Kaka yako akakohoa. "Na jioni," akasema.

Ukageuka. "Nani anamwogesha jioni?"

"Mimi. Nilidhani nyinyi mmemsahau."

Wifi yako alikuwa amezama kusoma bango la ukutani kuhusu magonjwa ya kuku. "Wifi?" ukamwita.

"Mchana tu," akasema bila kugeuka. "Tena si kila mchana."

Daktari akaweka kalamu chini. "Huyu hamkumwogesha," akasema. "Huyu mmemfua."

Akachukua kitana chenye meno ya karibukaribu, akamchana juu ya mkia, na vumbi lililotoka akalikung'utia kwenye karatasi nyeupe aliyoilowesha maji. Punje nyeusi zikaanza kuchuja wekundu. "Hiyo ni damu," akasema wifi yako kabla daktari hajafungua mdomo. Madoa ndiyo elimu yake, na hapo hakukosea. Daktari akasema ni damu ya mbwa, iliyopitia tumboni mwa viroboto. Akatueleza kwamba ngozi ya mbwa wengine haivumilii mate ya kiroboto, akiumwa mara moja anawashwa siku nzima na zaidi, na sabuni zetu zimemkausha ngozi na kuongeza muwasho juu ya muwasho. Na viroboto wenyewe wengi hawakuwa juu ya mbwa. Walikuwa kwenye matandiko yake na kwenye nyufa za sakafu, wakimngoja atoke majini.

Akamnyoa pale palipolowa, akamsafisha kidonda, akatupa vidonge vya kidonda hicho na dawa ya matone ya kumdondoshea kati ya mabega kila mwezi, hata mwezi ambao hajikuni. Akasema beseni ni marufuku mpaka aseme yeye, na akiruhusu, tutumie sabuni ya mbwa. Tusimpake dawa ya watu. "Lakini matandiko yake," akasema, "hayo yafueni kwa maji ya moto, tena mara kwa mara."

Hapo nyuso zenu zote tatu zikachangamka, na daktari akacheka kwa mara ya kwanza.

Kile kitandiko cha Doa kilichemshwa, kikasuuzwa, kikaanikwa juani, kikapigwa pasi. Hakuna mbwa aliyewahi kulalia pindo lililonyooka vile. Wifi yako alifagia na kusugua kila ufa wa sakafu kwa hasira za kweli, akisema viroboto wamemvunjia heshima. Kilichomshinda ni kukaa mbali na beseni. Tulimkuta amesimama mbele ya Doa na kipande cha sabuni mkononi, wanatazamana, kisha anageuka taratibu na kwenda kufua kitu kingine.

Daktari alimvisha pia kola ya plastiki ya kumzuia asifikie mkia, Doa akagonga nayo mguu wa meza ya pasi mpaka ikapasuka. Hukwenda kutafuta nyingine. Ulikata turubai la zamani, ukalishona, ukalitia wanga mzito, ukalipiga pasi likasimama wima kuzunguka shingo yake. Lilifaa sana mpaka alipolala, udenda ukalowesha wanga, na kola ikamwangukia usoni. Basi kila asubuhi ukawa unaitia wanga upya pamoja na makola ya mashati ya watu, na wateja waliokuja mapema walikuta kola ya mbwa imepangwa katikati ya zao.

Vidonge ulivificha ndani ya mkate. Doa alikula mkate na kutema kidonge, ukajifunza kukifunika kwa siagi. Siku moja ukaacha kipande hicho mezani ukaenda kufungua mlango, na kaka yako akakipitia. Anaapa tangu siku hiyo hajawahi kujikuna.

Na ukaanza kutembea. Daktari alisema mbwa asikae bure akakumbuka kujitafuna, kwa hiyo ukawa unatoka naye kupeleka nguo za karibu, furushi kwapani, kamba mkononi. Mwanzoni mliishia kwenye kona. Baadaye mkafika kwa fundi wa viatu, halafu mpaka zahanati. Viatu vyako vya kawaida vikaanza kukuingia tena. Wifi yako aliona, akanyamaza, maana angesema lolote ungesema umeshinda. Manyoya ya Doa yakaota kwanza membamba, kisha yakajaa. Ikafika asubuhi moja wifi yako akamwita Doa, akayapekua manyoya ya mkiani kwa vidole, vile anavyokagua kola ya shati la harusi. Alitafuta sana. Hakupata kitu.

"Haya," akasema. "Abaki."

Ulimkatia Doa nusu ya mkate wako, na siku hiyo uliimba tangu asubuhi mpaka tulipofunga, ule wimbo wako usiofika mwisho. Tulikuomba unyamaze. Leo tungekuomba uendelee.

Shangazi, ulitutoka mchana wa kazi, umekaa kwenye kiti chako, unangoja pasi ipate moto. Doa alikuwa amelala juu ya miguu yako. Wifi yako alikuwa chumba cha pili akikulalamikia kuhusu sabuni mpya kwamba haina povu. Alilalamika vizuri, kwa kirefu, na ulipokosa kujibu akadhani umenuna. Akaja kukugombeza. Hilo ndilo analolirudia mpaka leo, kwamba alikuja mlangoni na neno kali mdomoni, na halijui lilikokwenda.

Msibani alijikaza kisabuni. Alipokea watu, alihesabu viti, alimkemea kaka yako kwa shati lisilonyooka. Watu walipoondoka akaingia chumba cha pasi na kukunja mashuka. Aliyakunja kwa namna yako, kona kwa kona, namna ile aliyokuwa akiibishia miaka yote.

Doa naye akawa haondoki chini ya kiti chako. Kila mlango ukilia alinyanyuka, akatazama, akalala tena. Kisha akaanza kujilamba mguu wa mbele. Alilamba, akatafuna, akalamba, mpaka manyoya yakatoka na ngozi ikawa nyekundu. Wifi yako akafanya alichofundishwa. Akamchana kwa kitana, akakung'uta kwenye kitambaa cheupe kilicholowa. Kitambaa kikabaki cheupe. Akayafua matandiko, akayafua tena, akasugua nyufa za sakafu, akakaa chini juu ya sakafu hiyo hiyo kwa sababu hapakuwa na kitu kingine cha kufua.

Daktari alimtazama Doa muda mrefu. "Viroboto hana," akasema. "Ngozi haina ugonjwa ila hapo anapojiumiza mwenyewe. Huyu ana upweke, mama. Kuna wanyama wakiwa na huzuni hujilamba hivi. Nitakupa dawa ya kidonda, lakini iliyobaki ni kumtembeza, kumpa cha kutafuna kingine, na asiachwe peke yake."

"Na mimi atanitembeza nani?" akauliza wifi yako. Hakuwa akitania.

Jioni hiyo alimpigia simu mama wa kituo. Alisema mkataba ulikuwa wa ngozi, na ngozi imeharibika tena, basi waje wamchukue mbwa wao. Binti wa kaka yako alimsikia na akataka kumjia juu, kaka yako akamzuia. Sisi tulijua si chuki. Kila mara Doa akinyanyua kichwa mlango ukilia, wifi yako naye alikuwa akinyanyua cha kwake, na wawili hao wakikutana macho hakuna aliyestahimili. Mama wa kituo akasema gari lao ni bovu, atakuja likitengenezwa.

"Basi mpaka hapo tumwangalie," akasema wifi yako, "wasije wakasema watu wa dobi wamerudisha mbwa mchafu."

Kwa hiyo ilikuwa kwa muda tu. Alichukua taulo kuukuu, akalifunga mafundo, akalilowesha maji, akampa Doa alitafune badala ya mguu. Alikihamishia kitandiko cha Doa karibu na meza ya pasi. Doa akianza kujilamba, hakumkemea, alimwita tu jina, na Doa akaja, na akija anapewa kazi: abebe kitambaa mpaka pale, akirudishe hapa. Ilikuwa kazi isiyo na maana yoyote na wote wawili waliifanya kwa uaminifu. Akaanza kumlalamikia kuhusu sabuni. Anasema mbwa huyo ni msikilizaji kukushinda.

Na akaanza kutoka naye. Njia hakuijua, aliijua Doa. Alimvuta mpaka kwenye kona, akamvuta mpaka kwa fundi wa viatu, na hapo akalala mlangoni kama mwenye nyumba. Fundi akatoa kigoda bila kuulizwa, akakiweka mahali ambapo, inaonekana, ulizoea kukaa wewe. Wifi yako akakaa.

"Nilikuwa nikimuuliza marehemu, huyu mbwa atakwenda wapi," akasema fundi, huku akishona soli. "Maana aliniambia kuna mkataba, wifi yake atamrudisha kituoni. Nikamwambia, basi jihadhari. Akacheka. Akasema, 'Wifi yangu ana mdomo tu, moyo huo hana. Mimi nikisinzia mchana anadhani simwoni anavyomfunika mbwa kwa shuka.'"

Wifi yako hakusema kitu. Tunakwambia hivi kwa sababu ni jambo lisilo la kawaida. Alikaa kwenye kigoda hicho mpaka fundi akamaliza kiatu na kuanza kingine. Alikuwa amejua siku zote kwamba unamjua, lakini hakuwa amewahi kuambiwa, wala wewe hukuwahi kumwambia, kwa kuwa mlikuwa na mashuka ya kukunja. Alilia huko, mbele ya mtu wa viatu, na akarudi nyumbani macho yamevimba, na akatukataza kumuuliza. Leo ametuambia mwenyewe tuandike.

Mguu wa Doa ukaanza kufunga. Hakuacha mara moja. Ziko siku alirudia, hasa mvua ikinyesha na watu wakikaa ndani kimya. Lakini manyoya yakaota, mafupi na meupe, na taulo zikapungua nyumba nzima.

Ndipo gari la kituo likatengenezwa. Mama wa kituo akaja mchana, na kamba yake begani. Wifi yako alimkaribisha kiti, akamtilia chai, akamwita Doa akae mbele yao. Kaka yako akatoka nje kwa sababu hakutaka kuona. Binti wa kaka yako akabaki mlangoni, ameuma meno.

"Nikueleze kwanza," akasema wifi yako, "ili asije akapata shida. Matone ni kila mwezi, hata kama hajikuni, na ukimdondoshea usimwogeshe mpaka yakauke vizuri. Akitoka kwenye majani umfute katikati ya vidole, hapo unyevu ukibaki anapakumbuka. Taulo lake liwe na mafundo matatu, la mawili analifungua. Usimwite kwa sauti kubwa, ana aibu. Hapendi kulala mahali ambapo hasikii pasi, kwa hiyo sijui nyinyi mtafanyaje, labda mpate redio. Mvua ikinyesha ukae naye. Si lazima useme kitu, lakini ukae. Akinyanyuka mlango ukilia, mwambie tu, 'Siye, lala,' atalala. Ila umwambie wewe mwenyewe. Usimwache agundue mwenyewe."

Mama wa kituo alikuwa ameshika kikombe muda wote bila kunywa. Akakiweka chini. Akachukua kamba yake, akaikunja, akaitia ndani ya mkoba.

"Mama," akasema, "mimi nimerudishiwa mbwa wengi. Hakuna hata mmoja aliyerudishwa namna hii. Huyu simchukui."

Wifi yako akainama, akashika sikio la Doa, lile lililolala, akalikunja na kulikunjua.

"Hata mimi nilishangaa," akasema, "kwamba umekuja na kamba."

Doa hajambo, Shangazi. Ngozi yake ni nzima mwili mzima, na kila mwezi wifi yako anamdondoshea matone huku kaka yako akishika taa, ingawa ni mchana, kwa sababu naye anataka kazi. Kwa maoni yake, ambayo sasa tumeyasikiliza, barua hii imekuwa ndefu lakini usingeikunja upya. Mashuka ya zahanati yapo. Kwa fundi wa viatu wanafika karibu kila siku, na mtu akimsimamisha wifi yako njiani kumuuliza huyu mbwa mzuri ni wa nani, anasimama na kueleza kwa kirefu, mpaka aliyeuliza anachelewa anakokwenda.

Tunakukumbuka sisi: kaka yako, binti wa kaka yako, aliyeandika, wadogo zake walio mbali, waliosomewa haya kwa simu na kucheka mahali pote ulipotaka wacheke, na Doa. Aliyekaa nyuma ya kiti amesoma majina haya, ameona la kwake halimo, na kabla hatujaliandika ametushika mkono. Anasema neno wifi amelitumia miaka yote na limemtosha. Hapa tuandike dada yako.

Hatuachi kukukumbuka.